Burudani ya Kaskazi: Chakula Chepesi na Ujumi wa Nyumbani katika Kiswahili

Utangulizi



Ujumi wa Waswahili umezoea kutafutwa katika mambo makubwa: utenzi, taarabu, mlango wa kuchonga na jahazi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Kuta na milango ikapata heshima inayostahili. Lakini lugha haikuishia mlangoni. Iliingia uani, ikafika jikoni, ikakaa juu ya mkeka. Na huko imehifadhi fikra ya uzuri ambayo wachunguzi wengi wameipita bila ya kuitazama. Azma ya mhadhara huu ni kuieleza fikra hiyo kwa kutumia msamiati wa chakula na starehe za nyumbani katika msimu wa joto. Hoja yangu ni moja: katika Kiswahili, ubaridi ni kipimo cha uzuri, na ushahidi wake umo katika maneno ya kila siku.

Kaskazi na asili ya burudani

Kaskazi ni upepo uvumao kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Disemba hadi Machi, na jina hilo hilo ndilo la msimu wenyewe. Hayo ndiyo majira ya joto kali katika pwani yetu. Huko Unguja, joto la mchana mwezi Februari hukaribia nyuzi 33 za Selsiasi, na unyevu wa hewa huzidisha uzito wake.

Tulitazame neno burudani katika joto hilo. Leo wengi hulielewa kwa maana ya muziki, mchezo wa kuigiza au kipindi cha redio. Hata hivyo, asili yake ni mzizi wa Kiarabu b-r-d, wenye maana ya ubaridi, uliotupatia pia baridi, burudi na burudisha. Anywaye maji ya ukwaju huburudika. Asikilizaye taarabu huburudika vilevile. Lugha haikujenga ukuta kati ya koo na sikio. Wala hatuwezi kusema kuwa fikra hii ilikuja na neno la kukopa tu. Kitenzi poa, ambacho ni cha Kibantu, husemwa kwa uji, kwa hasira na kwa moyo. Vijana wanaojibu salamu kwa kusema “poa” wamo katika mkondo huo huo, wajue wasijue.

Chakula chepesi

Mlo wa kaskazi hauhitaji mapishi marefu. Samaki mbichi akipikwa kwa maji, chumvi na ndimu, bila ya nazi wala viungo vingi, huitwa samaki wa chukuchuku. Neno hili lina thamani kubwa kwa mwanaisimu, kwani linaupa wepesi jina lake. Chukuchuku haimaanishi kuwa mpishi amepungukiwa; ni namna ya kupika inayomwachia samaki ladha yake mwenyewe. Kando yake huwekwa kachumbari, neno tulilolipata kutoka Bara Hindi: vitunguu vilivyooshwa kwa chumvi, nyanya, pilipili na ndimu. Kisha huja embe, na hapo muuzaji hukuuliza wataka dodo, bolibo au sindano, kwa kuwa kila moja lina umbo lake na utamu wake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mnazi. Tunda lake likiwa changa mno ni kidaka; likikua kidogo ni kitale; likijaa maji na kuanza kufanya nyama laini ni dafu; nyama ikianza kukomaa ni koroma; likikomaa kabisa ni nazi. Kwa mtu mwenye kiu, tofauti ya dafu na koroma ni tofauti ya starehe na majuto. Msamiati huu ulitungwa na ulimi wa mnywaji pamoja na jicho la mkwezi.

Mtungi, kawa na asumini

Maji ya kunywa yalikaa katika mtungi wa udongo. Kuta za mtungi zina vinyweleo. Maji kidogo hupenya hadi nje, hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Zipo nyumba zilizoufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuujaza, ili maji yawe baridi na yawe na harufu nzuri. Kuhusu harufu, sarufi nayo ina la kusema. Kitu kibaya hunuka, kizuri hunukia. Kiambishi cha kutendea, ambacho kwa kawaida huelekeza tendo kwa mtu, ndicho kinachotenganisha uvundo na manukato. Kwa tafsiri yangu, asumini iliyotawanywa kitandani hainukii tu, inamnukia mtu.

Kawa nalo lina somo. Kamusi inaweza kueleza kuwa ni kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukili, na maelezo hayo yakawa sahihi. Lakini inzi angezuiwa na kawa lisilo na rangi. Msusi aliyezitia rangi chane zake na kuzipanga kwa nakshi alitaka jicho lishibe kabla ya tumbo.

Hitimisho

Jokofu na ndoo ya plastiki vimerahisisha kazi, na hapana sababu ya kumlaumu anayevitumia. Kinachotupasa kuhofia ni jambo jingine. Kata, mtungi, kawa na ukili ni maneno yanayowatoka wanafunzi wetu, na yanapotoka huondoka na ujuzi wa watu, hususan wanawake, ambao sanaa yao haikuitwa sanaa kwa sababu ililiwa, ilinyweka au ilikaliwa. Mlango uliochongwa utamngoja mtafiti kwa miaka 100. Mtungi ukivunjika na bibi aliyejua kuufukiza akifariki, hakuna cha kungojea.

Napendekeza, basi, kwamba ukusanyaji wa msamiati wa nyumbani ufanywe kuwa sehemu ya mafunzo ya shahada ya kwanza. Kwamba kila neno liandikwe pamoja na matumizi, msimu na lahaja yake. Na kwamba wasusi, wapishi na wafinyanzi wahojiwe kama wataalamu. Tukifanya hivyo, kamusi zetu zitatueleza vitu ni nini, na pia kwa nini watu walivipenda.