Shawa ya umeme ikidondosha maji, mkosaji aghalabu ni koki

MATONE ya maji yanayodondoka bafuni usiku kucha huwakera wengi, lakini yanapotoka kwenye shawa ya umeme huzua hofu pia. Mwenye nyumba hudhani kifaa kimeharibika, naye mpangaji huogopa kukigusa asije akapigwa na stima. Hivyo basi shawa huachwa idondoke kwa miezi, au hung'olewa na kununuliwa nyingine, na hiyo mpya nayo huanza kudondosha maji siku iyo hiyo.

Sababu ya kioja hicho ni rahisi. Shawa nyingi zinazotumika katika nyumba za humu nchini, zile za plastiki zinazofungwa mwishoni mwa bomba linalotokeza ukutani na kupasha maji moto papo hapo, hazina kizuizi chochote cha kuyafunga maji. Maji yakishaingia humo hayana budi kutoka. Kinachoyazuia ni koki ya ukutani, ile inayozungushwa na mwogaji kufungulia na kufunga. Koki ikichakaa, maji huvuja polepole hadi juu na kudondokea kwenye shawa, ingawa shawa yenyewe ni nzima kabisa.

Kabla ya kugusa chochote, ni vyema kuelewa kinachofanyika ndani ya kifaa hiki. Koki inapofunguliwa, msukumo wa maji hukibonyeza kiwambo cha mpira, nacho hukutanisha vipande vya chuma vinavyopitisha umeme. Koili, yaani waya mwembamba uliosokotwa, hupata moto mara moja. Maji yakifungwa, kiwambo hurudi mahali pake na umeme hukatika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika shawa nyingi za bei nafuu koili hiyo iko uchi. Maji yanayomwangukia mtu kichwani yamepita juu ya waya wenye umeme. Shawa ya wati 5,500 inayotumia volti 220 huvuta ampea 25, zaidi ya mara mbili na nusu ya birika la umeme la wati 2,000. Usalama wa mwogaji hutegemea waya wa ardhi, ambao mafundi huuita erthi, pamoja na kile kifaa cha kwenye kisanduku cha stima kinachokata umeme unapovuja. Inasikitisha kwamba katika baadhi ya nyumba za kukodisha waya huo huachwa ukining'inia bila kuunganishwa.

Si kila tone ni ishara ya ubovu. Baada ya kuoga, maji kiasi husalia tumboni mwa shawa na kuendelea kudondoka kwa dakika chache. Funga koki, weka ndoo chini yake na usubiri. Matone yakikoma, hakuna cha kurekebisha. Yakiendelea saa baada ya saa, ikague koki.

Yapo pia maji yanayotokea mahali pengine. Yakichuruzika pale shawa inapoungana na bomba, tatizo ni maungio. Yakitoka kwenye ufa wa plastiki, au pale nyaya zinapoingilia, hilo si jambo la kuvumiliwa hata kwa siku moja. Zima umeme, usiitumie tena shawa hiyo, na ununue nyingine. Kuna watu huziba ufa kwa gundi au utepe wa nyaya. Huko ni kucheza na mauti.

Hasara ya matone nayo si ndogo kama inavyodhaniwa. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ikichukuliwa kwamba matone 20 ni sawa na mililita moja, hizo ni zaidi ya lita nne kwa siku, na takriban lita 130 kwa mwezi. Hiyo ni mitungi sita na nusu ya lita 20. Anayenunua maji kwa wauzaji wa mikokoteni anajua thamani yake.

Kinachoiharibu koki mara nyingi ni kipande kidogo cha mpira kiitwacho washa, kilicho ncha ya shina lake. Washa ndiyo inayokandamiza tundu la maji na kuliziba. Katika mitaa ambayo maji huja kwa zamu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Nairobi, mabomba yanapojaa upya huleta mchanga na kutu, na chembe hizo huukwaruza mpira. Mwogaji naye akiona tone huikaza koki kwa nguvu zote, na kwa kufanya hivyo huikata washa zaidi.

Kuibadilisha ni kazi ambayo mtu mwangalifu anaweza kuifanya mwenyewe. Hata hivyo, aanze kwa kuzima umeme kwenye kisanduku kikuu, ijapokuwa anayokusudia kuifungua ni koki wala si shawa. Koki ni ya chuma, ina maji, na imeunganishwa na kifaa cha stima. Swichi iliyo nje ya bafu pekee haitoshi. Swichi iliyofungwa sawasawa hukata nyaya zote mbili, lakini kuna nyumba zilizowekewa swichi za kawaida zinazokata waya mmoja tu, na fundi akiwa amebadilisha nyaya kwa makosa, umeme hubaki kwenye shawa hata taa ya swichi ikiwa imezimika. Ni muhimu vilevile kuwaarifu wote walio nyumbani, ili mtoto asije akauwasha tena.

Baada ya hapo, funga maji kwenye koki kuu iliyo karibu na tangi au mita. Katika majumba ya ghorofa koki hiyo huenda ikawa inahudumia nyumba kadhaa, kwa hivyo mwone mtunzaji wa jengo kwanza. Fungua koki ya shawa hadi maji yaishe.

Skrubu inayoshikilia mkono wa koki aghalabu hufichwa chini ya kifuniko kidogo chenye alama nyekundu au ya samawati. Kibandue, fungua skrubu, utoe mkono pamoja na kikombe kinachoziba ukuta. Sasa shina litaonekana. Hulegezwa kwa spana, likizungushwa kinyume cha mwendo wa saa. Hapa ndipo pana haja ya subira. Shina likikataa kulegea, usilazimishe, kwani bomba lililo ndani ya ukuta linaweza kupinda au kukatika, na hapo vigae vitavunjwa kwa sababu ya mpira wa bei ya chini. Fundi wa mifereji ana namna ya kulishikilia bomba asilisumbue.

Shina likitoka, washa huonekana nchani. Ikiwa imeliwa, imepasuka au imekuwa ngumu kama jiwe, ichukue hadi dukani ili upewe ya ukubwa uo huo. Koki nyingi za nyumbani ni za nusu inchi. Kabla ya kurudisha, pitisha kidole kwenye ukingo wa tundu la maji ndani ya koki. Ukingo ulio laini ni dalili njema. Ukiwa na mikwaruzo, washa mpya itakatika baada ya muda mfupi, na ni afadhali koki yote ibadilishwe. Shina lirudishwe likiwa nusu wazi, ili mpira mpya usipondwe wakati wa kukaza.

Koki za kisasa zinazozungushwa robo tu hazina washa. Ndani mna visahani viwili vya kauri vinavyosuguana, na vikiharibika hununuliwa shina zima.

Maungio ya shawa ni habari nyingine. Dawa yake ni utepe mweupe wa mafundi wa mifereji, unaozungushwa kwenye nyuzi za bomba kwa kufuata mwendo wa saa, kisha shawa ikakazwa kwa mkono, kwa vile plastiki hupasuka ikikazwa kwa spana. Lakini kuifungua shawa kunahitaji kuzikata nyaya zake. Kazi hiyo ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta (EPRA). Akija, na aulizwe pia kuhusu waya wa ardhi.

Wanaotumia maji ya visima wana taabu ya ziada. Chumvi hugandamana kwenye matundu ya shawa, maji yakakwama ndani na kudondoka kwa muda mrefu baada ya koki kufungwa. Umeme ukiwa umezimwa, sahani ya matundu katika shawa nyingi huweza kutolewa, ikalowekwa kwenye siki na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, ndiyo maana madukani huuzwa shawa zilizotengenezewa maji hayo mahususi, ambazo koili yake imefunikwa.

Yupo pia fundi wa kubahatisha atakayependekeza koki ifungwe upande wa kutokea maji, baada ya shawa. Asikubaliwe. Tumbo la plastiki halikuundwa kustahimili msukumo wa maji yaliyofungiwa, sembuse maji yanayochemka.

Kazi ikikamilika, fungua koki kuu kwanza, kisha ya shawa, na uyaache maji yatiririke hadi yatoke bila kukatizwa na hewa. Hapo ndipo umeme uwashwe. Koili ikiwashwa bila maji ya kutosha huungua kwa muda mfupi mno. Hatimaye funga koki polepole, bila kuikaza kupita kiasi, na uirudishe ndoo mahali pake kwa dakika kumi.