Mama Mkwe na Tembo wa Tarangire

Mpenzi msomaji, kabla hujaanza kumteta mama mkwe wako, hebu nikusimulie habari ya tembo.

Desemba 2021 mimi na mume wangu tulikuwa njiani kutoka Arusha kwenda kwao Dirma, Hanang. Tumenuniana ndani ya gari, hakuna anayemsemesha mwenzake. Sababu? Mama yake alikuwa ameamua ng'ombe wetu watatu, tuliowanunua kwa jasho letu, wahamishwe mbali haraka. Mimi nikaona ni haraka ya nini, mvua si zinakuja?

"Mama yako anaamua kila kitu," nikamwambia.

Tulikuwa Kwakuchinja, pale wanyama wanapovuka barabara wakihama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Mume wangu, mtu asiyependa ugomvi, akaonyesha kidole upande wa hifadhi akaanza hadithi. Nikadhani ananizuga. Baadaye nikaisoma mwenyewe. Kumbe kweli!

Mwaka 1993 Tarangire ilipigwa na ukame mkali. Mtafiti Charles Foley na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 2008, walifuatilia watoto wa tembo 81. Ndani ya miezi tisa walikufa 16. Mwaka wa kawaida hufa kama wawili tu katika kila mia. Makundi mawili yalitoka hifadhini, inaaminika yalifuata maji na malisho. Kundi la tatu likabaki, na huko ndiko vilikotokea vifo vingi.

Sasa sikiliza. Familia ya tembo ni ya majike na watoto wao, dume likishabalehe huondoka. Anayeongoza ni bibi. Makundi yaliyohama yalikuwa na majike wenye umri wa kutosha kukumbuka ukame wa 1958 hadi 1961. Watafiti wanaamini ndio waliojua pa kukimbilia. Kundi lililobaki halikuwa na bibi wa umri huo, maana miaka ya 1970 na 1980 majangili waliua wakubwa wengi. Pembe nzito anazo mzee, bwana. Jangili akiondoka nazo, anaondoka na kumbukumbu za ukoo mzima.

Na hata bibi akikumbuka, njia nayo iwepo. Hapo Kwakuchinja unajionea: mashamba, nyumba, maduka, lami. Tembo aliyepita hapo akiwa mtoto leo anakutana na uzio wa mtu.

Basi, turudi Dirma. Ng'ombe walihamishwa, mimi nikiwa bado nimenuna. Mvua zikachelewa kweli, majirani wakapoteza mifugo. Wetu walirudi wote watatu, mbavu nje, lakini wazima.

Kuomba msamaha kwa simu nilishindwa. Safari iliyofuata nikampelekea mama kitenge kizuri. Akakipokea, akakikunja taratibu, kisha akauliza yako wapi masufuria aliyoniagiza tangu mwaka jana.

Nilikuwa nimeyasahau.