Aina ya kiharusi haitambuliki kwa macho
Mtu akipooza ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda na ulimi ukawa mzito, husemwa amepata kiharusi. Jina ni moja, lakini huwa limebeba maradhi mawili yanayotaka tiba zinazopingana. Katika la kwanza, damu iliyoganda huziba mshipa unaolisha ubongo. Ndilo linalowapata takribani wagonjwa wawili kati ya kila watatu duniani. Katika la pili, mshipa hupasuka na damu ikavujia kichwani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikitolewa ndani ya saa 4 na nusu, huweza kumwepusha wa kwanza na ulemavu. Wa pili huweza kumuua.

Wapo wanaoshikilia kwamba kichwa kikiuma sana, mgonjwa akatapika na kupoteza fahamu, basi mshipa umepasuka. Hawajakosea kabisa, kwani dalili hizo huwapata zaidi wanaovuja damu. Ila wapo pia waliozibwa mshipa wanaozipata, na wapo wanaovuja damu wasiozionyesha. Mwaka 1991 madaktari wa hospitali ya Siriraj, nchini Thailand, walichapisha hesabu ya alama kwa dalili kama hizo pamoja na presha. Ilipojaribiwa Nigeria, haikuaminika kiasi cha kuamulia tiba. Kinachotofautisha kwa uhakika ni picha ya ubongo, kama ile ya CT iliyoanza kupigwa kwa mgonjwa jijini London mwaka 1971. Kwa hiyo aspirini, ambayo nayo huzuia damu kuganda, isitolewe nyumbani kwa kubahatisha. Hata dalili zikitoweka baada ya dakika chache, hospitali haikwepeki: huenda mshipa uliziba kwa muda, na kiharusi kikubwa kikafuata ndani ya siku chache.

Yuko atakayeuliza: kipimo cha CT kiko mbali na ni ghali, tuharakie nini? Swali ni la haki, na serikali zinapaswa kulijibu kwa kusogeza mashine hizo karibu na wananchi. Hata hivyo, hospitali isiyo na CT bado hupima sukari, ambayo ikishuka huiga kiharusi. Huchunguza kama mgonjwa anaweza kumeza bila kupaliwa. Na hufuatilia presha yake. Ndugu wanatakiwa kukitambua kiharusi, kukumbuka saa kilipoanza na kumfikisha mgonjwa upesi. Na kwa aliye mzima, aina zote mbili zina chanzo kikuu kimoja, presha, ambayo hupimwa kwa dakika chache hata kwenye zahanati.