Kabla ya Kura ni Daftari: Uchaguzi wa Halali katika Vyama vya Msingi



Masoko yakimalizika, mitumba ya mwisho ikaondoka ghalani na hesabu za pembejeo zikafungwa, vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku katika Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui huitisha Mikutano Mikuu yao. Kwa vyama ambavyo viongozi wake wamemaliza kipindi, mkutano huo ndio wa uchaguzi. Twapenda kueleza hapa namna uchaguzi wa chama upasavyo kuendeshwa ili uwe wa haki na wa kisheria, na hasa ile sehemu inayopuuzwa zaidi, yaani kazi ifanywayo wiki kadhaa kabla mtu yeyote hajashika karatasi ya kura.

Jambo lenyewe si dogo. Mkulima wa tumbaku hupata mbolea kwa mkopo unaochukuliwa kwa jina la chama. Wanaotia sahihi ni viongozi. Wanaolipa ni wanachama wote, kwa makato ya mauzo yao. Ni kweli kwamba Mkutano Mkuu ndio unaoweka ukomo wa madeni, na Mrajis ndiye anayeuidhinisha, lakini ndani ya ukomo huo Bodi ina nafasi kubwa ya kutenda mema au maovu. Mwanachama aliyelima vizuri, akakausha majani yake kwa uangalifu na kupata daraja la juu, aweza kukuta malipo yake yamepunguzwa ili kufidia deni la mtu aliyeandikishwa mifuko ya mbolea kwa shamba ambalo halipo. Kwa hiyo anayempigia kura Mwenyekiti, ajue kwamba anamchagua mtu atakayemkopea.

Sasa, ni nani mwenye haki ya kupiga kura hiyo? Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa katika mkutano wa chama kimoja, ambacho hatutakitaja, ambapo uchaguzi ulifanyika kwa utulivu mkubwa, nyimbo zikaimbwa, na viongozi wapya wakashangiliwa. Siku chache baadaye mzee mmoja aliomba kuonyeshwa daftari la wanachama. Wanachama waliohudhuria walikuwa wengi kuliko walioandikwa. Vilevile, kati ya walioandikwa, yumo jirani yake ambaye yeye mwenyewe alishiriki kumzika. Ulipofika wakati wa kutia sahihi mikataba ya pembejeo, hapakuwa na viongozi wanaotambulika wa kuitia. Mvua hazikungoja. Mbolea ilifika mashambani ikiwa imechelewa, na waliopata hasara ni wale wale walioshangilia.

Tabia ya kudhani kwamba kila mkazi wa kijiji ni mpiga kura wa chama ina asili yake. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji chenyewe kuwa chombo cha ushirika, na mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zake nyingi kukabidhiwa mamlaka za mazao. Katika miaka hiyo mtu hakuhitaji kuomba uanachama. Ilitosha kuwa mtu mzima mkazi wa kijiji. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vikuu, lakini vyama vya msingi viliendelea kufungamana na kijiji, na uanachama wa hiari ulirudi kwa Sheria ya mwaka 1991. Kizazi kizima kilizoea kwamba mkutano wa kijiji na mkutano wa chama ni kitu kimoja. Leo tunaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013, na chini yake mwanachama ni yule aliyeomba, akakubaliwa, akatimiza masharti ya kiingilio na hisa, na jina lake likaandikwa. Mkazi ambaye hakufanya hayo ni jirani mwema, aweza hata kualikwa kusikiliza, lakini hana kura.

Ndugu Katibu, hapo ndipo kazi yako inapoanzia. Lichukue daftari na ulipitie jina kwa jina pamoja na mwanachama mmoja au wawili wanaoijua kila kaya. Waliofariki waandikwe hivyo, kwa tarehe. Mrithi aliyetajwa na marehemu ana haki ya kupata kilicho chake, lakini haki hiyo haimfanyi kuwa mwanachama. Anayetaka kuchukua nafasi aombe kama wengine. Waliohama na kujitoa waonyeshwe. Waliofukuzwa au kusimamishwa waandikwe pamoja na rejea ya mkutano uliotoa uamuzi, kwa sababu Mwenyekiti hana mamlaka ya kumfuta mtu kwa kalamu yake ati kwa kuwa alimpinga msimu uliopita.

Lipo jambo moja ambalo twaomba litazamwe kwa makini. Katika mashamba yetu kazi ya kuchuma majani, kuyafunga, kulinda moto wa bani usiku na kupanga madaraja hufanywa kwa sehemu kubwa na akina mama, lakini katika daftari huonekana jina la mume peke yake. Mume akifariki, mjane hukuta amelima miaka ishirini bila kuwa na kura hata moja, na shemeji aliyekuja kutoka mbali akipokea malipo ghalani. Hakuna kinachomzuia mwanamke mkulima kuomba uanachama kwa jina lake mwenyewe. Katibu mwenye busara huwaeleza hayo mapema, wala hangoji juma la uchaguzi, kwani uandikishaji wa haraka haraka karibu na kura huzua shaka hata kama ni wa halali.

Daftari likisha kusafishwa, orodha ibandikwe penye mlango wa ghala, mahali ambapo kila mtu hupita, na iachwe siku za kutosha ili wenye malalamiko waseme. Kila pingamizi liandikwe, na uamuzi wake uandikwe pia. Usahihishaji huo ufanywe kabla ya mkutano. Mlangoni pa mkutano Katibu asisahihishe chochote, bali asome majina tu.

Taarifa ya mkutano nayo itolewe kwa muda na kwa njia zilizowekwa na masharti ya chama. Neno uchaguzi lionekane wazi katika ajenda, pamoja na idadi ya nafasi zitakazojazwa. Tumepata kuona uchaguzi ulioingizwa chini ya "Mengineyo", saa kumi jioni, wakati walioishi mbali wamekwisha kuondoka. Akidi ihesabiwe mwanzo wa mkutano na ihesabiwe tena kabla ya kura.

Kuhusu wagombea, masharti ya chama na Sheria vyaeleza sifa, na ni kazi ya mkutano kuzisoma kwa sauti kabla ya majina kutajwa. Asomewe mwanachama asiyejua kusoma. La muhimu zaidi kwa wakulima ni kujua mgombea anadaiwa nini na chama, na ana biashara gani na wale wanaofanya biashara na chama. Mwenye gari la kusafirishia mitumba, au wakala wa muuza pembejeo, akiingia katika Bodi atakaa pande zote mbili za meza.

Kuna hila nyingine ambayo haionekani katika karatasi yoyote: sukari, kanga, nauli ya kuja mkutanoni, na mkopo mdogo wa kusaidia ada ya mtoto, vyote vikitoka kwa mtu ambaye mwenyewe hagombei. Watu wa Unyanyembe wana historia yao katika jambo hili. Baada ya kifo cha Mtemi Fundikira, Mnywa Sele alirithi utemi, naye akawadai ushuru wafanyabiashara Waarabu waliokuwa na makao hapa kwenye njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kiasi cha mwaka 1860 wafanyabiashara hao walimwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Hawakumweka kwa ajili ya faida ya wapagazi wala ya wakulima waliowauzia nafaka. Vita vilivyofuata viliendelea mpaka mwaka 1865, Mnywa Sele alipokamatwa na kuuawa, na kwa miaka hiyo njia zilikuwa za hatari kwa kila mtu. Mnunuzi ana haki ya kutafuta bei iliyo nzuri kwake. Hana haki ya kututafutia Mwenyekiti.

Wala Serikali haikupewa kazi hiyo. Afisa Ushirika anaposimamia uchaguzi, kazi yake ni kuona kwamba Sheria na masharti yanafuatwa; akianza kunong'ona jina la mtu, amekwisha kuiacha kazi hiyo. Ndugu zetu wafanyakazi wa reli wa hapa Tabora walipita katika somo hilo kabla yetu. Mwaka 1960 chama chao, kikiwa na viongozi wake chenyewe, kiliendesha mgomo uliodumu zaidi ya miezi miwili. Mwaka 1964 vyama vyote vya wafanyakazi viliunganishwa katika chama kimoja, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais wa nchi. Waliotetea mpango huo walisema unaleta umoja, na yawezekana waliamini hivyo. Lakini mfanyakazi aliyekuwa na malalamiko dhidi ya Katibu Mkuu hakuwa na kura ya kumwondoa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 sasa yadai katiba ya kila chama cha wafanyakazi ieleze jinsi viongozi wanavyochaguliwa.

Upande wa ushirika hatuwezi kusema kwamba makosa yalikuwa ya Serikali peke yake. Tume maalumu iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilikuta, pamoja na kuingiliwa na wanasiasa na upungufu wa watumishi wenye ujuzi, kwamba wanachama wengi hawakuelewa vyama vyao na kwamba demokrasia katika vyama vikuu ilikuwa hafifu.

Siku ya kura, wa kwanza kuondoka mezani ni Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi inayomaliza muda. Kiti kikaliwe na msimamizi ambaye hagombei. Kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au hamsini, alete mtumba mmoja au mia. Kura iwe ya siri. Wako wanaopenda wapiga kura wajipange nyuma ya mgombea, wakisema kwamba ni njia ya wazi isiyoweza kuibiwa. Ni ya wazi mno: mwenye deni husimama nyuma ya anayemdai, na mke nyuma ya aliyechaguliwa na mumewe.

Karatasi zote zipigwe muhuri na zihesabiwe mbele ya mkutano. Sanduku lifunguliwe, liinuliwe, kila mtu alione kuwa ni tupu. Mpiga kura aitwe kwa jina kutoka katika daftari, apewe karatasi moja, jina lake liwekewe alama. Asiyejua kusoma asaidiwe na mtu aliyemchagua mwenyewe, si na wakala wa mgombea.

Hesabu ndiyo inayowashinda wengi, basi tuifuate kwa mfano. Tuseme wanachama walioandikwa ni 212, waliohudhuria ni 146, na karatasi zilizotolewa ni 146. Sanduku likifunguliwa zikapatikana 145, mtu mmoja ameondoka na karatasi yake. Iandikwe hivyo na kazi iendelee. Zikipatikana 148, msimamizi asimamishe kuhesabu kura za wagombea, kwa sababu karatasi mbili zimeingia bila mwenyewe. Usikubali maneno ya kwamba "tofauti ni ndogo na mshindi anajulikana". Chama kilichokubali mbili leo hakitakuwa na sababu ya kukataa ishirini kesho. Kura za eneo hilo zifutwe mbele ya wote, karatasi mpya zitolewe, kura irudiwe. Karatasi zilizoharibika zihesabiwe mbali, na jumla ya kura za wagombea pamoja na zilizoharibika ilingane na zilizotoka sandukuni.

Matokeo yasomwe kwa tarakimu, si kwa maneno "ameshinda kwa kishindo". Yaandikwe papo hapo katika kitabu cha mihutasari na kutiwa sahihi na msimamizi na mawakala wa wagombea kabla mtu hajaenda kula. Nakala ibandikwe mlangoni mwa ghala, pale pale ilipokuwa orodha ya wanachama. Karatasi za kura zifungwe katika bahasha yenye lakiri na kuhifadhiwa mpaka muda wa malalamiko uishe.

Anayelalamika aandike barua, ataje kosa, shahidi na kifungu cha masharti kilichovunjwa, aipeleke kwa Afisa Ushirika wa Wilaya, na nakala kwa Mrajis Msaidizi wa Mkoa. Katibu aipokee kwa sahihi na tarehe, hata kama barua hiyo inamtuhumu yeye mwenyewe.

Kisha makabidhiano. Bodi mpya isipokee maneno. Ipokee vitu kwa orodha: funguo za ghala, mizani, muhuri, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, hati za mikopo, taarifa ya benki ya tarehe hiyo, na orodha ya madeni ya kila mwanachama. Sahihi za benki zibadilishwe katika juma lile lile, na mpaka zibadilishwe, hundi yoyote isiandikwe.