Mwanajeshi Anayeuza Nyumba: Kodi ya Ongezeko la Mtaji na Mfano wa Kagoma, Kagera

Mwanajeshi hujenga nyumba mahali asipolala. Mzaliwa wa Kagoma, mkoani Kagera, aliyejiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), anaweza kupangiwa Tabora, kisha Mtwara, kisha akapelekwa katika ulinzi wa amani nchini Kongo, ilhali fedha anazotuma nyumbani zinainua kuta katikati ya kibanja cha migomba na mibuni. Siku akiamua kuiuza nyumba hiyo, sheria itamuuliza swali ambalo raia wa kawaida hulijibu bila kufikiri: je, uliishi humo? Makala haya yanafafanua kwa nini jibu la swali hilo ni gumu kwake, na lina gharama gani.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 (Sura ya 332) huitoza kodi faida inayopatikana mtu anapouza ardhi au jengo. Kwa mkazi wa Tanzania kiwango ni asilimia 10 ya faida, na kwa asiye mkazi ni kikubwa zaidi. Faida ni bei ya kuuzia ukiondoa gharama za kununua, kujenga, kuboresha na kuuza. Kodi hiyo hulipwa kwa mkupuo mmoja kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na Msajili wa Hati hapaswi kusajili uhamisho wa miliki pasipo cheti cha Kamishna.

Makazi binafsi yametengwa na kodi hii kwa masharti. Mwenye nyumba awe ameimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi. Awe ameishi humo, mfululizo au kwa vipindi, kwa jumla ya miaka 3 au zaidi. Na faida isizidi shilingi milioni 15. Sheria haimtaji mwanajeshi popote katika masharti haya. Inamkumbuka mahali pengine, kwani pensheni na kiinua mgongo kinachotolewa kwa majeraha au ulemavu uliosababishwa na vita havitozwi kodi. Kwa mkoa ulioshuhudia vita vya 1978 na 1979, na ambao makaburi ya mashujaa wake yako Kaboya, Muleba, msamaha huo si jambo dogo. Lakini unahusu mwili wa mpiganaji. Nyumba yake haumo.

Maneno “kwa vipindi” ndiyo tegemeo pekee la mwanajeshi, nayo yanastahili kusomwa kwa makini. Sheria haidai miaka 3 ya mwisho kabla ya kuuza. Inadai jumla, hivyo siku za likizo na miezi aliyokaa nyumbani kabla ya uhamisho zote huingia katika hesabu. Tatizo ni wingi wake. Miaka 3 ni siku 1,095. Tukichukulia kwamba askari hulala nyumbani kwake siku 28 kila mwaka, atahitaji zaidi ya miaka 39 kuzitimiza. Aidha, sheria inasema nyumba iwe imekaliwa na mwenyewe. Mke na watoto wanaweza kukaa humo miaka 20, moshi ukitoka jikoni kila jioni, na kwa maandishi ya kifungu hicho mwenye nyumba bado hajaishi humo.

Linganisha na kwingineko. Kenya, ambako kodi hii ilirejeshwa mwaka 2015 na kupandishwa hadi asilimia 15 kuanzia Januari 2023, hudai mwenye nyumba awe ameikalia mfululizo kwa miaka 3 inayotangulia mauzo, sharti gumu zaidi kwa mtu wa kambini. Marekani hudai miaka 2 ya kuishi ndani ya miaka 5 kabla ya mauzo, lakini sheria ya 2003 ya nafuu ya kodi kwa familia za wanajeshi ilimruhusu askari aliyepangiwa kituo kilicho umbali wa angalau maili 50, au anayelazimika kukaa katika nyumba za serikali, kusimamisha hesabu ya miaka hiyo 5 kwa muda usiozidi miaka 10. Hawakumsamehe sharti la kuishi, walisimamisha saa. Kwa maoni yangu, hilo ndilo funzo linaloweza kuazimwa bila kumpendelea askari kupita kiasi.

Kikomo cha milioni 15 nacho kina ukali wake. Faida ikiwa 15,000,000 kodi ni sifuri. Ikiwa 15,100,000, faida yote huingia kodini, na muuzaji hudaiwa 1,510,000. Sheria hairekebishi gharama za zamani kulingana na mfumuko wa bei, hivyo matofali yaliyonunuliwa miaka ya 1990 huhesabiwa kwa bei ya wakati huo. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya thamani ya mauzo au thamani iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa. Matokeo yake ni ya kushangaza. Aliyeuza kwa milioni 60 na kuthibitisha gharama za milioni 35 hulipa milioni 2.5; asiye na stakabadhi hata moja hulipa milioni 1.8.

Kibanja chenyewe kina hesabu tofauti. Ardhi ya mtu binafsi yenye thamani ya soko chini ya milioni 10, iliyotumika kwa kilimo angalau miaka 2 kati ya 3 kabla ya kuuzwa, haiguswi na kodi hii. Hapa sheria haiulizi nani alilima. Mama akivuna kahawa wakati mwanawe yuko kikosini, sharti limetimia. Nyumba ya kudumu ikiuzwa pamoja na shamba, hata hivyo, thamani ya pamoja hupita kikomo hicho kwa urahisi.

Askari aliye nje ya nchi ana jambo moja la kumtuliza. Mtumishi wa Serikali aliyetumwa ng’ambo huhesabiwa kuwa mkazi wa Tanzania, kwa hiyo kiwango chake hubaki asilimia 10 hata kama hakukanyaga nchini mwaka mzima.

Limebaki suala la mwenzi. Mali inayomilikiwa kwa pamoja, faida yake hugawanywa kulingana na sehemu ya kila mmiliki. Mke aliyeandikwa kama mmiliki mwenza, na ambaye ameishi katika nyumba hiyo miaka yote, anaweza kutimiza sharti la makazi kwa sehemu yake, ingawa mumewe hawezi kwa yake. Jina hilo, hata hivyo, linapaswa kuwa limeandikwa miaka 3 au zaidi kabla mnunuzi hajabisha hodi.