Mlo Usio na Nyama wala Maziwa: Je, Mwili Hupungukiwa na Nini?

Kata ya Malolo ipo kusini-magharibi mwa Wilaya ya Kilosa, si mbali na Ruaha Mbuyuni, mahali ambapo barabara kuu itokayo Morogoro hupita katika bonde la Ruaha Mkuu kabla ya kupanda kuelekea Iringa. Ni nchi ya mibuyu na jua kali, lakini maji ya Mto Mwega yafikapo mashambani kwa mifereji, ardhi hiyo hutoa mpunga, mahindi na vitunguu ambavyo husafirishwa hadi masoko ya mbali. Huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya nchi yetu, ugali kwa maharage au kwa mboga za majani ndio mlo wa siku nyingi, na nyama hungoja sikukuu au mgeni.

Wapo duniani watu waliojichagulia mlo usiotokana na mnyama yeyote. Huko Uingereza chama chao kiliundwa mwaka 1944, na Waorthodoksi wa Ethiopia huacha nyama, maziwa na mayai kwa siku nyingi za mfungo kila mwaka. Mkulima mwenye fedha kidogo hakuchagua; mfuko wake ndio uliomchagulia. Hata hivyo mwili hauulizi sababu. Hudai mahitaji yale yale, nasi yatupasa kuchunguza ni yapi yanayotimizwa na shamba, na ni yapi yasiyotimizwa.

Tuanze na protini, kwa kuwa ndiyo inayotiliwa shaka na watu wengi. Gramu 100 za maharage makavu zina protini ipatayo gramu 21, kiasi kinacholingana na kile cha nyama mbichi ya ng'ombe isiyo na mafuta. Karanga zina zaidi kidogo. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji gramu 50 hivi kwa siku. Akila kwa siku nzima gramu 400 za unga wa mahindi, gramu 100 za maharage na konzi ya karanga, atakuwa amepata takriban gramu 60, akiba ambayo hufidia ile sehemu ya protini ya mimea isiyosagika vyema tumboni. Tena mahindi yamepungukiwa na laisini, mojawapo ya asidi-amino zinazojenga protini, ilhali maharage yanayo kwa wingi. Na methionini iliyo haba katika maharage hupatikana katika mahindi. Wazee wetu waliopika kande walikuwa wameufumbua ukweli huu jikoni. Wala si lazima viwili hivyo viwe katika sahani moja. Yatosha viliwe katika siku moja.

Madini ya chuma ni jambo gumu zaidi. Yamo katika maharage na katika mboga za majani, lakini hushikwa na kemikali iitwayo faiteti, hata mwili ukayapata kwa shida. Dawa yake si ghali. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe: faiteti hupungua, nazo kuni huokolewa. Wapo wanaotia magadi ili maharage yaive upesi; huiva kweli, ila magadi huharibu vitamini B1, kwa hiyo kuloweka ni bora. Kisha mlo uambatane na kitu chenye vitamini C, ambayo huweza kuongeza mara mbili au zaidi kiasi cha chuma kinachofyonzwa. Ndimu hufaa, lakini penye mibuyu hakuna haja ya kununua ndimu, kwani unga wa ubuyu una vitamini C kwa wingi kuliko chungwa. Chai nayo ingoje saa moja baada ya chakula, maana rangi yake huzuia chuma.

Hata kitunguu kina sehemu yake. Mwaka 2010 wanasayansi wa Mysore, India, walionyesha katika maabara kwamba kitunguu na kitunguu saumu huongeza kiasi cha chuma na zinki kinachoweza kupatikana kutoka katika nafaka na kunde. Majaribio hayo hayakufanywa katika miili ya watu, na tusiyatarajie kutibu upungufu wa damu. Lakini apelekaye magunia ya vitunguu sokoni asisahau kubakiza vya chungu chake.

Kuhusu unga, dona hushinda sembe, kwa sababu kiini na maganda ya punje ndiyo yenye mafuta, madini na vitamini za kundi B. Sharti ni moja: mahindi yawe makavu na yaliyochambuliwa, kwani sumukuvu hukaa zaidi katika sehemu hizo hizo. Sumu hiyo iliua watu huko Dodoma na Manyara mwaka 2016. Karanga zilizokunjamana au zenye ukungu zitupwe, hata kama roho inauma.

Mtoto mdogo hawezi kuachwa na mlo wa watu wazima. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi humjaza maji kabla hajapata nguvu. Uji mzito naye hawezi kuumeza. Katika miaka ya 1980 watafiti nchini walichunguza matumizi ya kimea katika uji wa watoto. Mtama au ulezi hulowekwa, huachwa uchipue kwa siku mbili hivi, hukaushwa juani, machipukizi na mizizi huondolewa (ya mtama yana sumu), kisha husagwa. Kijiko kimoja kikikorogwa katika uji mzito, vimeng'enya vya kimea huukata wanga, na baada ya dakika chache uji hulegea bila kuongezwa maji. Uchemshwe tena ndipo mtoto apewe, ukiwa umetiwa karanga zilizosagwa.

Linabaki pengo moja ambalo hakuna mmea unaoliziba. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kwa njia ya vyakula vitokanavyo na wanyama. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweza kuhifadhi akiba ya miaka kadhaa. Ndiyo maana upungufu huja kimya kimya, kwa uchovu, upungufu wa damu na ganzi ya miguu ambayo ikichelewa kutibiwa yaweza isipone. Anyonyeshaye bila akiba humnyima pia mtoto wake. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza unga wa viwandani uongezwe vitamini hiyo, lakini unga wa mashine ya kijijini kwa kawaida hauna. Aliyeacha vyakula vya wanyama kwa hiari yake hana budi kutumia vidonge. Aliyeviacha kwa ukata anaweza kununua kipimo cha dagaa mara moja au mbili kwa wiki, awasage, na kuwatia katika mboga ya nyumba nzima, akianza na mama mjamzito, anyonyeshaye na watoto.