Kijana wa Steshenari na Mama wa Maktaba

Hatua chache kutoka maktaba moja ya umma ninayoizoea pana kibanda cha steshenari chenye kompyuta tatu na mashine ya kopi inayolia kama cherehani. Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukifika, foleni yake hutoka nje, ikazunguka mwarobaini, ikagusa barabara. Kijana anayeendesha kibanda hicho hajasomea ukutubi hata siku moja. Lakini tangu asubuhi hadi taa zinapowashwa anafanya kazi ambayo ndiyo kiini cha ukutubi: anamsikiliza mtu aliyechanganyikiwa, anang'amua anachohitaji hasa, anajua kilipo, anamfikisha. Anamjazia fomu ya Bodi ya Mikopo, anapakia cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi; mwingine anamfungulia akaunti kwenye Ajira Portal ya kuombea kazi serikalini. Kila hatua ina bei yake, na bei haiko ukutani.

Kwa kuwa wateja wengi hawana baruapepe, anawafungulia yeye, kwa nywila moja ya wote aliyoiandika nyuma ya daftari la mauzo. Wiki tatu baadaye mwombaji anatakiwa kurekebisha taarifa zake. Anarudi kibandani, anaambiwa yule kijana kahamia mji mwingine. Daftari kaondoka nalo.

Ndani ya maktaba, siku moja ya msimu huo, palikuwa kimya. Feni zilizunguka. Wanafunzi kama ishirini walikuwa wameinamia madaftari waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Vitabu vya rafuni vilipumzika. Nikamwendea mama wa kaunta.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Mama, akija mtu anataka kuomba mkopo wa chuo mtandaoni, mnamsaidiaje?”

“Tunamwelekeza pale steshenari.”

Alisema bila kejeli wala haya, kama mtu anayekuonyesha kituo cha daladala.

Mama yule si mvivu, na ninaandika haya kwa sababu si mvivu. Cheti chake alikipata Bagamoyo mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilipomtajia kitabu ambacho jina lake na la mwandishi nilikuwa nimeyasahau, aliniuliza maswali manne: kilikuwa kinene au chembamba, nilikisoma shule ya msingi au sekondari, kilikuwa hadithi au mashairi, namkumbuka mhusika gani. Kisha akaenda rafuni moja kwa moja. Ufundi huo haumjii mtu usingizini. Vyuo vya ukutubi hufundisha kwamba msomaji hasemi anachotaka mara ya kwanza; anasema anachodhani unacho. Kazi ya mkutubi ni kumwuliza taratibu mpaka haja yenyewe ijitokeze, bila kumfanya ajione mjinga.

Cheti cha namna hiyo kina historia. Sheria iliyounda bodi ya huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, nchi ikiwa na miaka miwili ya uhuru na wakutubi wazalendo wa kuhesabika. Mwaka huohuo, kwa msaada wa UNESCO, Makerere ilifungua chuo cha ukutubi kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Mkenya, Mganda na Mtanganyika walikaa darasa moja. Tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kuadhimisha miaka sita ya uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Jengo likapatikana, watu wa kulijaza, na wa kuzijaza maktaba za mikoani, ikabidi waandaliwe mmoja mmoja. Mwaka 1989 ndipo Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kilipoanzishwa Bagamoyo, kile ambacho wenyewe hukiita kwa herufi za jina lake la Kiingereza, SLADS.

Hapo nina kadokezo. Miaka mia moja kamili kabla ya Bagamoyo, mwaka 1889, chuo cha ukutubi cha Melvil Dewey kilihamishwa kutoka New York kwenda Albany. Dewey alikifungua katika Chuo cha Columbia mwaka 1887 na wanafunzi 20, 17 kati yao wanawake, na wakubwa wa Columbia hawakuwataka wanawake. Bwana huyo ndiye aliyetoa, mwaka 1876, ule mpango wa namba zinazobandikwa mgongoni mwa vitabu, na namba hizo ndizo mwanafunzi wa Bagamoyo anazokesha nazo.

Namba hizo zina mambo. Katika mia ya dini, Ukristo ulipewa kuanzia 220 hadi 280 na ushei. Uislamu umekunjwa wote ndani ya 297. Sasa mfikirie mwanafunzi anayejifunza hayo Bagamoyo, mji ambao jirani yake pana magofu ya misikiti ya Kaole. Fasihi ya Marekani ina 810 yote peke yake. Shaaban Robert anatafutwa kwenye 896.392, nyuma ya nukta, kama nyumba ya uani. Anayezikariri tu namba ataziweka kama zilivyo na kwenda chai. Aliyefunzwa sawasawa anajua kwamba kwa wasomaji wa pwani au wa kisomo cha Kiswahili, rafu hiyo ya uani ndiyo sebule, naye ataipanga hivyo. Tofauti ya wawili hao ndiyo maana ya kusomea kazi.

Basi kama mafunzo yalikuwa mazuri kiasi hicho, steshenari imeingiaje?

Imeingilia kwenye neno moja tunalolipenda sana maofisini: kujiendeleza. Mtumishi akisema anajiendeleza, kila mtu anaelewa. Ana cheti, anataka stashahada. Ana stashahada, anataka shahada. Anaandika barua ya ruhusa, anaondoka miaka miwili au mitatu, anarudi na karatasi. Muundo wa utumishi unaitambua karatasi hiyo, msaidizi wa maktaba anakuwa Mkutubi Daraja la II, mshahara unapanda. Si vibaya hata kidogo, kuna watoto wanaosomeshwa na nyongeza hiyo. Ila mara nyingi karatasi ikipanda, mwenye nayo anapanda nayo, anapewa ofisi ya ndani. Kaunta inabaki na mwingine. Na mtumishi aliyebakiza miaka minne kustaafu, kama mama yule, hakuna anayemwambia ajiendeleze. Wanamwambia, “Mama, wewe si unakaribia kupumzika?”

Wakati huohuo, vitu ambavyo kaunta inavihitaji havihitaji miaka mitatu. Vingi ni vya siku mbili.

Chukua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wengi wetu tunaifikiria kama sheria ya mabenki na kampuni za simu. Lakini rejista ya maktaba inajua mambo ya watu. Inajua nani aliazima kitabu cha kisukari, nani cha mirathi na talaka, kijana gani kila wiki anachukua vya siasa. Mume wa mtu akija kaunta akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, mke wake huwa anasoma nini, ajibiweje? Rejista za miaka kumi iliyopita zilizorundikwa stoo na majina na namba za simu zichomwe, zifungiwe, au zifungiwe vitumbua? Aliyesoma mwaka 1991 hakufundishwa hayo kwa sababu hayakuwapo. Hana kosa. Ila leo yapo, na ni juu yake.

Au chukua Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania imejiunga nao. Kwa lugha nyepesi, unaruhusu kitabu kugeuzwa nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona bila kumsaka mwenye hakimiliki kila mara. Mkutubi asiyeufahamu atamwambia kijana asiyeona, kwa huruma ya kweli, kwamba sheria hairuhusu.

Na kuna Koha, programu ya kuendeshea maktaba ambayo haiuzwi. Ilitengenezwa New Zealand mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za umma za Horowhenua, wilaya ya watu wachache tu, ikaanza kazi Januari 2000. Jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Leo imeenea duniani, vyuo vikuu vyetu vikiwamo. Nimependa sana habari hii: kitu kilichotokana na shida ya maktaba ya mji mdogo. Lakini zawadi hiyo nayo inataka mtu wa kuifundisha, tena si mara moja tu, kwani kila toleo lina mageuzi yake.

Wenzetu wa fani nyingine wameshaliona hili. Muuguzi wa Tanzania ili ahuishe leseni anatakiwa kuonyesha mafunzo endelevu aliyopata. Mhasibu anadaiwa saa zake na bodi yake. Mkutubi hana leseni ya kuhuisha, kwa hiyo hana saa za kudaiwa, na kwa kuwa hazidaiwi, hazipangiwi bajeti. Nchi nyingine zinazihesabu. Katika jimbo la New York nchini Marekani, mkutubi wa umma aliyepata cheti chake kuanzia mwaka 2010 anapaswa kutimiza saa 60 za mafunzo kila miaka mitano. Zigawanye: ni saa moja kwa mwezi. Uingereza, chama cha wakutubi, CILIP, kinamtaka mwanachama anayetaka kuthibitisha upya hadhi yake aonyeshe saa 20 kwa mwaka, na juu yake aandike maelezo mafupi ya alichojifunza na kilichobadilika kazini mwake.

Kwangu mimi yale maelezo mafupi yana thamani kuliko zile saa. Tunajuana. Hii ni nchi ya semina, na semina ina karatasi ya mahudhurio, na karatasi ya mahudhurio ina posho. Tukiamua kesho kwamba kila mkutubi atimize saa 20, keshokutwa kutakuwa na watu wenye saa 20 na usingizi wa saa 20. Swali la kumwuliza aliyetoka mafunzoni liwe jepesi: Jumatatu ulifanya nini kaunta ambacho Ijumaa hukuweza?

Mafunzo yenyewe si kwamba hayapo. AfLIA, umoja wa vyama na taasisi za ukutubi Afrika wenye makao yake Accra, umekuwa ukiendesha kozi za mtandaoni. Mwaka 2021 ilikuwapo ya kuwafundisha wakutubi wa bara hili kuitumia na kuiandikia Wikipedia. WebJunction ya Marekani inatoa masomo bure kwa mfanyakazi yeyote wa maktaba. Bure, lakini bando unalitoa mfukoni, na lugha ni Kiingereza. Hili la Kiingereza tunalipita haraka mno. Mkutubi wetu anasoma chuoni kwa Kiingereza, anafanya mtihani kwa Kiingereza, kisha maisha yake yote anamhudumia msomaji kwa Kiswahili, akitafsiri kichwani peke yake, kila mmoja kwa maneno yake. Wawili wakikutana kujadili namna ya kuorodhesha vitabu, nusu ya sentensi inakwenda London na kurudi.

Ndiyo maana njia ya Uganda inanivutia. Huko Maktaba ya Taifa, ikishirikiana na shirika la EIFL, ilijenga wakufunzi kutoka miongoni mwa wakutubi wenyewe, ili ujuzi wa kompyuta na wa kubuni huduma mpya upitie kwa mwenzako anayejua umeme wako unavyokatika. Kenya nako, vishikwambi vilipoingia maktaba ya umma ya Kibera, watoto walivizoea haraka; aliyehitaji kuandaliwa ni mtu mzima wa kuwaongoza. Mafunzo ya aina hii hayahitaji hoteli. Yanahitaji maktaba yenyewe ifungwe saa mbili mchana wa siku fulani ya mwezi, chai, na mtu mmoja anayejua kitu ambacho wenzake hawajakijua.

Nilirudi pale mwezi uliofuata. Mama alikuwa na daftari dogo la mistari, lile la shule. Akanionyesha. Binti yake amemwekea kozi ya Koha kwenye simu, anaisikiliza jioni, sentensi asiyoielewa anaiandika, binti anamfafanulia. Pembeni mwa kila ukurasa kaandika tarehe na muda: dakika 40, dakika 25, saa moja na robo.

“Unampelekea nani hizi saa, mama?”

Akacheka. “Nani anazitaka?”

Tukiwa katika maneno hayo akaingia kijana, jasho usoni, bahasha ya kaki mkononi. Alitoka steshenari. Akaunti haifunguki, paswedi haijui, baruapepe hakuifungua yeye, na dirisha la marekebisho linafungwa Ijumaa. Nikamtazama mama, nikisubiri anyooshe kidole kuelekea nje. Akavuta kiti cha pili, akakigeuza kuelekea kompyuta ya kaunta.

“Kaa hapa, mwanangu,” alisema. “Kwanza niambie. Siku ile anakufungulia, alitumia namba ya simu ya nani?”